Programu inakubali kwako, ila alama zinakatwa

Umeuliza kwa nini programu yako ya Python ya kutafuta wastani inatoa majibu sahihi kwako, ila ikisahihishwa unakatwa alama. Mara nyingi ni kwa sababu umeijaribu kwa data ya kwenye swali tu. Ipe orodha tupu uone: jumla inagawanywa kwa 0, programu inakufa hapo hapo. Kagua urefu wa orodha kabla ya kugawanya. Jaribu pia orodha yenye namba moja, na namba hasi.

Kingine, input(), amri ya kupokea anachoandika mtumiaji, hurudisha maandishi, si namba. Ukijumlisha 5 na 3 bila kuzipitisha kwenye int(), inayogeuza maandishi kuwa namba kamili, utapata 53. Desimali nazo usizilinganishe kwa == (alama ya kuuliza kama ni sawa kabisa), maana 0.1 + 0.2 hutoa 0.30000000000000004, tumia math.isclose(), inayoangalia kama namba mbili zinakaribiana.

Halafu soma upya swali linataka matokeo yaonekaneje. Likitaka 7.50, ukachapisha “Wastani ni 7.5”, mifumo mingi ya kusahihisha itakukosesha, na inauma kwa kuwa hesabu uliipata.

Kabla ya kukabidhi, nakili faili zote kwenye folda mpya uendeshe programu kutoka hapo. Ikigoma, kuna faili umesahau.