Sindano ya baba ya miezi mitatu, ya mama kila siku: kwani insulini haiwezi?

Swali: Daktari, niko Shela, Lamu. Baba ana saratani ya tezi dume, anadungwa leuprorelin mara moja kwa miezi mitatu, basi. Mama ana sukari, anajidunga insulini kila siku mpaka tumbo limejaa alama. Kwani hawawezi kuitia insulini kwenye sindano kama ya baba?

Jibu: Pole sana ndugu yangu, kuuguza wazee wawili nyumba moja si mchezo.

Ile dawa ya baba nesi akishaichanganya hebu iangalie, si maji matupu, ni nyeupe kama tui, manake ndani mna punje ndogo ndogo sana za polima, jamaa ya zile nyuzi za kushonea kidonda zinazoyeyuka zenyewe. Maji ya mwili yanaikatakata polima polepole inageuka asidi, dawa nayo inatoka kidogo kidogo. Leuprorelin inavumilia kwa sababu ni kijimnyororo cha asidi amino 9 tu (hivyo ndivyo vipande vinavyojenga protini), na ile ya mwezi mmoja ilipitishwa Marekani tangu 1989.

Insulini ni kitu chengine, ni protini. Ina asidi amino 51, minyororo miwili iliyofungwa pamoja, na lazima ikae imekunjwa vile vile ndio ifanye kazi. Balaa laanzia kiwandani, kutengeneza punje protini mara nyingi inakorogwa kwa nguvu na kiyeyushi kama dikloromethani, na pale maji yanapokutana na kiyeyushi protini inakunjuka, kama ute wa yai ukiupiga kwa uma ukawa povu jeupe, haurudi tena ulivyokuwa. Ikinusurika hapo inakutana na asidi. Ushamkamulia nguru ndimu ukaona nyama inavyogeuka nyeupe hata moto haijauona? Ndani ya punje pH, kile kipimo cha ukali wa asidi (ikishuka asidi imezidi), yaweza kushuka chini ya 3, na protini imekaa humo wiki kadhaa kwa joto la mwili, inashikana mabonge, nyengine haitoki kabisa. Yaani kule kuoza kwa polima kunakoitoa dawa ndiko kunakoiharibu, na mie naona ugumu wote uko hapo.

Watafiti wametia magnesiamu haidroksaidi ili kuipoza asidi, na inasaidia. Homoni ya ukuaji, asidi amino 191, iliwahi kufungwa na zinki ikatiwa kwenye punje, ikapitishwa Marekani 1999 kwa jina Nutropin Depot, lakini 2004 wenyewe wakaacha kuiuza, kuitengeneza kulikuwa kazi kubwa mno.

Tena siku ya kwanza ile dawa iliyo juu juu ya punje huwa inatoka kwa wingi. Kwa baba inavumilika, kwa mama hiyo ni sukari kushuka ghafla, jasho, kutetemeka, kuzirai, na ishadungwa huwezi kuitoa. Ndio maana insulini ya wiki, icodec, iliyopitishwa Ulaya 2024, haikutumia punje, imetiwa mkia wa mafuta unaoshikana na albumini, protini iliyomo kwenye damu.

Kwa sasa mama ahamehame mahali pa kudunga, sio tundu lile lile kila siku. Na mkiivusha insulini kwa boti kutoka Mokowe izungushieni kitambaa isigusane na barafu, ikiganda hata ikiyeyuka ikaonekana safi itupeni.