Tochi ya njiani na taa ya mama: usinunue kwa kusoma lumeni peke yake

Ndugu, umeuliza mambo mawili: tochi ya kukutoa steji hadi nyumbani Butere saa tatu usiku, na taa ya mama anayekaa peke yake. Ukaongeza kwamba duka moja Kisumu limekuonyesha tochi iliyoandikwa lumeni 100,000. Hiyo iache hapo hapo dukani. Mimi ni mhudumu wa mifugo, nazunguka Butere na Khwisero huku Kakamega, na simu za ng'ombe aliyekwama kuzaa huja usiku zaidi ya mchana. Kwangu taa ni chombo cha kazi, iko mkoba mmoja na kamba na glavu. Pesa za ile tochi kubwa zinaweza kununua taa mbili ndogo za maana, moja ya kichwa na moja ya kutundika, na hizo ndizo ningekushauri.

Lumeni hupima mwanga wote unaotoka kwenye taa. Koroboi hutoa karibu 10. Taa ya kichwa ya lumeni 30 inanitosha kuvuta dawa kwenye sindano na kusoma lebo ya chupa, na 100 hadi 200 zinatosha kabisa njia ya kupita mashamba ya miwa. Kitochi cha mfukoni kinachodai 1,000 hukaa hapo dakika chache tu, kisha kinajipunguza chenyewe kwa sababu ya joto. Muulize muuzaji kiwango cha chini kabisa ni kipi na kinadumu saa ngapi. Stima ikipotea usiku wa mvua, utaishi na kiwango hicho mpaka asubuhi.

Kwenye betri ndiko watu wanaibiwa. Zile za lithiamu za duara, zinazoitwa 18650, zilizo nzuri huwa na mAh (kipimo cha umeme ambao betri hubeba) kati ya 2,500 na 3,500. Ukiona imeandikwa 9,900, jua huo ni uongo, maana betri ya ukubwa huo haibebi umeme wa namna hiyo. Ishike mkononi: nzima ina uzito wa gramu 45 hadi 50, na nyingi za bandia ni nyepesi kupita kiasi. Hesabu yenyewe si ngumu. Betri ya mAh 3,000 kwa volti 3.7 ina wati-saa 11 hivi, yaani inaweza kutoa wati moja kwa saa 11. Taa ya LED inayokula wati moja, ambayo hutoa karibu lumeni 100, itakaa nayo usiku mzima. Ukiambiwa lumeni elfu kwa usiku mzima kutoka betri hiyo hiyo, hesabu imekataa.

Mzee wa kijijini asiyetaka mambo ya kuchaji, simkatazi mawe makubwa ya duara, yaani betri kavu za tochi. Kiwanda cha Eveready kiliyatengeneza pale Nakuru kuanzia 1967 hadi 2014, na mpaka leo kila kioski kinauza mawe. Tochi ya LED ya mawe mawili hukaa muda mrefu sana. Ila ayatoe kama haitumii, kwa sababu yakivuja yanakula chuma cha ndani.

Sasa rangi ya mwanga, jambo ambalo karibu hakuna anayeliuliza. Nikimfungua ng'ombe mdomo nataka kujua kama ufizi ni wa waridi, umepauka, au umeanza kuwa wa manjano, maana kwenye ndigana baridi, ugonjwa unaoletwa na kupe, damu hupungua na ufizi hunionyesha hivyo. Mwanga mweupe wenye ubluu, ule wa kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 6,500 wa taa nyingi za bei ya chini, hupausha kila kitu, na ng'ombe mzima anaonekana mgonjwa. Natafuta kelvini 3,000 hadi 4,000. Hata kwako ambaye huna mifugo, mwanga wa manjano una faida nyingine: huvuta wadudu wachache. Vaa taa ya ubluu kichwani msimu wa kumbikumbi na utawameza bila kupenda. Taa nyingi za kichwa zina mwanga mwekundu pia. Huo ni mzuri kwa kuchungulia kuku au kuamka bila kuharibu macho, maana macho yakishapigwa na mwanga mkali huchukua hadi nusu saa kulizoea giza tena. Lakini usichunguze kidonda kwa mwanga mwekundu. Damu haionekani vizuri.

Njiani ivue taa kichwani uishike mkononi, usawa wa kiuno. Taa ikiwa karibu na macho inafuta vivuli, na mashimo ya trekta za miwa yanaonekana kama barabara tambarare. Ukiishusha, kila shimo linatoa kivuli chake na unaliona kabla hujalikanyaga. Kwenye manyunyu au ukungu ni hivyo hivyo: taa ya kichwa hukurudishia mwanga usoni.

Ya mama iwe ya sola, ya kutundika, yenye paneli iliyotenganishwa na taa kwa waya mrefu. Paneli ikae juani, taa yenyewe ibaki kivulini, kwani joto la bati huua lithiamu. Ikweta inapita hapo Maseno, kwa hiyo hakuna haja ya kuinamisha paneli sana. Ilaze, ipe mwinamo kidogo tu ili mvua ioshe vumbi. Na aitoe asubuhi mapema, maana huku kwetu mvua hupenda kuja mchana. Angalia kama taa imepita vipimo vya VeraSol, mpango wa kupima ubora wa taa za sola ulioendeleza kazi ya Lighting Global tangu 2020, na ina dhamana ya angalau mwaka mmoja. Kitufe kiwe kimoja, kikubwa, anachoweza kukipata kwa kupapasa.

Yako wewe, hakikisha kitufe kinaweza kufungwa, la sivyo itajiwasha ndani ya begi na utaikuta imezima steji. Alama ya kuzuia maji ya IPX4 inatosha mvua ya kawaida. Ukitaka ya kuanguka kwenye maji, tafuta IPX7. Chaji iwe ya Type-C kama ya simu, ili usitembee na waya wa pekee.

Niambie nyumba ya mama ina vyumba vingapi, choo kiko umbali gani, na kama kuna mti unaofunika paa asubuhi. Hapo nitakwambia paneli ya wati ngapi inamfaa.