Pesa ya korosho na viza ya masomo

SWALI: Binti yangu amepata chuo Uingereza, anaanza Septemba. Pesa ya korosho iko kwenye akaunti yangu. Juni nichukue ya kununua salfa (dawa ya kupulizia mikorosho)? – Mzazi, Masasi

JIBU: Subiri kwanza, mzazi. Ada ya mwaka wa kwanza ambayo hujalipa, pamoja na pesa ya kujikimu (hadi miezi 9), lazima zikae benki siku 28 mfululizo ili apate viza. Salio likishuka chini ya kiwango hata siku moja, hesabu inaanza upya. Shilingi nayo huyumba mbele ya pauni, basi acha ziada ya kutosha. Taarifa ya benki isiishie zaidi ya siku 31 kabla ya maombi ya viza. Kwa kuwa akaunti ni yako, ambatisha cheti cha kuzaliwa cha binti na barua yako ya ridhaa. Wengi husahau barua. Kipimo cha kifua kikuu pia kinahitajika.