Ukianza kusoma kesi za wazushi, anza na Jan Hus

Mwanafunzi mgeni wa historia ya Kanisa akikutana na neno "mzushi", hukimbilia kuuliza mtu huyo alifundisha nini. Tangulia kuuliza aliambiwa akane nini. Katika sheria ya Kanisa ya wakati ule, kukosea imani peke yake hakukumfanya mtu awe mzushi. Alikuwa mzushi akionywa na kukataa kuacha kosa. Ndiyo maana kesi nzima huelekea kwenye kiapo cha kukana.

Kwa Hus, padre wa Bohemia (Ucheki ya leo) aliyechomwa hai mwaka 1415, kiapo hicho kilikuwa mtego. Mtaguso wa Konstanz, yaani mkutano mkuu wa Kanisa uliofanyika katika mji huo wa Ujerumani, ulimsomea hoja 30. Nyingine zilitoka kweli katika maandishi yake, nyingine alisema hakuzifundisha kamwe au zimepotoshwa. Angezikana zote, angekuwa anaapa kwamba aliwahi kuziamini, yaani angeapa uongo mbele ya Mungu. Ukilikosa hili, utamwona mtu mbishi tu, na hutaelewa kwa nini alikataa hata alipobembelezwa kwa maneno laini.

Angalia pia asibebeshwe mizigo ya John Wycliffe, mwanateolojia wa Uingereza. Wycliffe alikana fundisho kwamba mkate wa Ekaristi hugeuka mwili wa Kristo, Hus hakulikana. Lakini tarehe 4 Mei 1415 Mtaguso ulikuwa umelaani hoja 45 za Wycliffe, na Hus alijulikana kuwa msomaji na mtetezi wake, basi akaingia kizimbani akiwa na doa tayari. Wala usimwandike Wycliffe kati ya waliochomwa hai. Alifariki kwa maradhi mwaka 1384. Ni mifupa yake iliyofukuliwa na kuchomwa mwaka 1428.

Kosa linalorudiwa sana kwenye insha ni "Papa alimchoma Hus." Siku ile, 6 Julai 1415, Yohane XXIII, mmoja wa waliodai upapa wakati ule, alikuwa ameshaondolewa na Mtaguso, na Gregori XII, mdai mwingine, alikuwa amejiuzulu siku mbili kabla. Waliohukumu ni maaskofu na wanazuoni wa Mtaguso, waliochoma ni watu wa serikali. Tenganisha hatua hizo mbili kila unapoandika, kwa sababu Kanisa lilishika kanuni ya kutomwaga damu kwa mkono wake.

Isome hatua ya kwanza polepole. Hus alivishwa mavazi ya Misa, akapewa kikombe, kisha akanyang'anywa kimoja baada ya kingine, kila kimoja kwa maneno ya laana. Nywele zake zikakatwa kwa mkasi ili kuvuruga alama ya upadre iliyonyolewa utosini. Akavikwa kofia ndefu ya karatasi yenye picha za mashetani watatu na neno la Kilatini la kumwita kinara wa wazushi. Baada ya hapo ndipo alipokabidhiwa kwa dola. Majivu yake yalitupwa mtoni Rhine, wafuasi wasipate masalia ya kuheshimu.

Kuhusu hati ya mfalme Sigismund wa Ujerumani iliyomwahidi Hus usalama safarini, usiishie kuandika "alisalitiwa". Hus alikamatwa tarehe 28 Novemba 1414, mfalme bado hajafika Konstanz. Mfalme alikasirika, kisha akanyamaza, maana watetezi wa Mtaguso walishikilia kwamba ahadi ya mfalme haiwezi kuzuia mahakama ya Kanisa katika jambo la imani.

Wasomaji wa Mbeya na Tabora wana njia ya karibu: Wamoravian, waliofika Rungwe mwaka 1891, hujihesabu warithi wa umoja wa Kikristo ulioanzishwa Bohemia mwaka 1457 na wafuasi wa Hus.