Tumeuza kabati, na mgeni anauliza tunahamia wapi

SWALI: Shikamoo mama. Mimi na mume wangu tulipenda picha za nyumba za mtindo unaoitwa Japandi, yaani Japani na Skandinavia kwa pamoja. Tukapaka kuta nyeupe, tukauza kabati kubwa, tukanunua meza fupi na taa moja ya dari. Sasa ni mwezi wa nne tangu tumalize. Huku kwetu jua halikosi, na mchana kuta zinaumiza macho. Usiku sebule inafanana na wodi. Vitu vilivyokuwa kabatini tumevirundika kwenye vikapu nyuma ya sofa. Juzi mgeni ametuuliza tunahamia wapi. Tumekosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mmekosea kwenye kabati. Hayo mengine ni madogo, lakini huo uwazi mnaoutafuta ulikuwa umebebwa na kabati mliloliuza.

Ukitazama picha ya chumba cha Kijapani unaona mikeka ya tatami, ukuta, labda ua moja, basi. Huioni oshiire, kabati lililojengwa ndani ya ukuta, ambalo milango yake ya kuteleza ikifungwa huwezi kudhani kuna kitu nyuma yake. Asubuhi futoni la kulalia hukunjwa likaingia humo, na chumba cha kulala kikawa sebule. Wenye uwezo walikuwa pia na kura, ghala lenye kuta nene kando ya nyumba. Michoro na vyombo vilikaa huko, vikatolewa vichache kwa msimu, kisha vikarudishwa. Kwa hiyo mwenye nyumba mwenye mchoro mmoja ukutani anao mingine mingi, ila leo ameamua kuonyesha huo. Majarida hayapigi picha ghala, na mimi ningekuwa wao nisingepiga.

Basi tengenezeni kabati jingine. Lichukue ukuta mmoja mzima, kutoka sakafuni hadi darini, milango yake iwe bapa, bila mapambo, na ipakwe rangi ileile ya ukuta. Vikapu vyote viingie humo.

Sasa rangi. Mmeunganisha ndugu wawili wasio wa tumbo moja. Stockholm mwezi Desemba hupata mwanga wa mchana kwa saa sita hivi, na jua lenyewe hupita chini chini. Kule ukuta mweupe una kazi: kila chembe ya mwanga inayoingia dirishani inarudishwa chumbani. Ninyi mna jua la kumwaga, mnalirudisha la nini? Hapo mfuateni Mjapani. Yeye hurefusha ukingo wa paa ili jua kali lisifike ndani, mwanga akauchuja kwa shoji, milango na madirisha ya karatasi, na kuta zake nyingi ni za udongo, rangi ya udongo. Pakeni rangi ya mchanga au ya ganda la mti, isiyong'aa. Dirishani wekeni pazia jepesi la kitani.

Usiku ndipo mumfuate mtu wa Denmark. Poul Henningsen alibuni taa zake mwaka 1926, zenye vifuniko vitatu vilivyopangwa ili jicho lisikutane na balbu yenyewe. Huhitaji kununua ya kwake. Chukua tu akili yake: zima hiyo ya dari, weka taa tatu ndogo za mwanga wa njano, moja karibu na meza, moja penye kiti cha kusomea, moja kwenye kona. Wodi itakwisha usiku huohuo.

Kuhusu meza fupi nitasema kidogo. Kwa Mjapani ni fupi kwa sababu yeye ameketi sakafuni. Ninyi mmekaa juu ya sofa mnainama. Shukeni ninyi au pandisheni meza.

Na msidhani uchache ni umaskini wa vitu. Sen no Rikyū, bingwa wa chai aliyefariki mwaka 1591, anahusishwa na chumba cha Tai-an karibu na Kyoto: ukubwa wake ni mikeka miwili ya tatami, na mgeni huingia kwa kujikunyata kwenye kijimlango. Mtawala aliyemtumikia, Toyotomi Hideyoshi, alikuwa na chumba cha chai cha dhahabu. Udogo ule ulichaguliwa, tena na watu walioiona dhahabu kwa karibu. Uswidi shina lake ni jingine. Mwaka 1899 mwandishi wa huko, Ellen Key, alitetea uzuri kwa wote, nyumba ya mfanyakazi nayo ivutie na ifae matumizi. Mimi, niliyesuka viti nusu ya maisha yangu, roho yangu iko kwake. Tazama kiti cha 1949 cha Hans Wegner, mbunifu wa Denmark, kile chenye mgongo wa herufi Y: hakina nakshi hata moja, lakini sehemu ya kukalia imesukwa kwa mkono, mita 120 hivi za kamba ya karatasi. Ukibaki na viti vinne tu sebuleni, kila mgeni atavikagua, kwa hiyo bora kimoja kilichotengenezwa vizuri kuliko vinne vya haraka.

SWALI: Bakuli la marehemu mama limevunjika vipande vitatu. Naweza kuliunga kwa dhahabu kama Wajapani, kisha niendelee kulitumia kwa chakula?

JIBU: Pole sana. Katika kintsugi, ndiyo sanaa hiyo ya Wajapani, dhahabu haiungi chochote, ni unga unaonyunyizwa mwishoni. Kinachounga ni urushi, utomvu wa mti. Ukiwa mbichi huwasha ngozi vibaya, na hugandia kwenye hewa yenye unyevu, kwa hiyo kazi huchukua wiki kadhaa. Vifurushi vingi vinavyouzwa ni gundi ya viwandani na unga wa kung'aa. Vaa glavu, uunge, lakini usilie chakula humo kama kifurushi hakisemi wazi kwamba ni salama. La kwangu naweka funguo.