Umeniuliza muda, mi nakujibu daftari

Mwanangu, salaam aleikum. Meseji yako ya juzi nimeisoma mara tatu, ya kwanza bila miwani. Unauliza mirathi ya shangazi yako ukafungulie Dodoma ulipo au Tanga, na itachukua muda gani. Tanga. Shauri linafunguliwa mahakama ya mwanzo ya kule marehemu alikokuwa anaishi mpaka mwisho, sio anakokaa msimamizi wa mirathi, na shangazi yako pale Ngamiani, Tanga, hakuhama hata tulipomwomba kwa machozi. Beba muhtasari wa kikao cha ukoo wenye sahihi za wote, cheti cha kifo cha RITA, wale wa serikali wanaosajili vizazi na vifo, na barua ya serikali ya mtaa, pale karani atakupa Fomu namba 1 ujaze. Alafu tangazo linabandikwa, mwenye pingamizi ajitokeze. Muda unategemea kama kuna mtu ana donge moyoni.

Ila kilichonikosesha usingizi ni yale makofi waliyokupigia kwenye kikao walipokupendekeza uwe msimamizi. Mama, kikao kinapendekeza tu, anayeteua ni hakimu, na hata ukishapewa ile Fomu namba 4 ya uteuzi usije ukadhani umepewa mali. Wewe hata mrithi sio, maana ndugu zake bado tupo, mimi na baba yako mdogo na shangazi yako wa Korogwe. Msimamizi ni mtu wa daftari. Nunua daftari kabla hujakata tiketi ya basi, andika kila shilingi siku hiyo hiyo, usiseme utaandika jioni. Najua utacheka, baba na madaftari yake. Cheka tu.

Babu yako alipofariki 1999 mimi ndo nilipitishwa kuwa msimamizi, kwa kuwa mkubwa na kwa kuwa nilikuwa naandika Kiswahili cha barua. Shamba la michungwa la Muheza likauzwa milioni nne na laki nane. Shehe akapiga hesabu pale pale kwenye mkeka: bibi yako thumuni yake, moja ya nane, 600,000, inabaki 4,200,000, tuko wanaume watatu na wanawake wawili kwa hiyo mafungu manane, mwanaume 1,050,000 mwanamke 525,000. Hapo hakuna aliyebisha. Shangazi yako huyu huyu marehemu alisema hiyo imeandikwa na Mungu, sina ugomvi nayo. Kumbe ugomvi wake ulikuwa na kitu ambacho Mungu hakukiandika na mimi pia sikukiandika.

Kabla ya kuuza shamba kulikuwa na msimu mmoja wa machungwa tuliovuna. Mpima mizani akasema yametoa 340,000, mimi nikapeleka kwa ndugu 255,000. Na sheria inasema ndani ya miezi minne baada ya kuteuliwa uwe umerudisha mahakamani Fomu namba 5, orodha ya mali na madeni, alafu hesabu zinafuata kwenye Fomu namba 6, mi nilikuwa mwezi wa saba tangu niteuliwe nazunguka zunguka tu, leo msiba kesho harusi. Siku ya shauri hakimu yuko pale na wazee wawili wa baraza, shangazi yako akasimama kanga imefungwa vizuri kabisa akasema, "Mheshimiwa, mimi naomba kuuliza machungwa."

Nikapewa wiki mbili nilete hesabu. Usiku wa mwisho nikakaa na kandili nikaandika yote kwa mkupuo, nauli ya Muheza, chai ya vibarua, magunia, kamba, ushuru. Nusu yake ilikuwa kweli. Zaidi ya nusu. Hiyo chai nilinunua kweli, nani anaomba risiti ya chai? Lakini sasa kama ilikuwa kweli kwa nini mkono ulikuwa unatetemeka. Sikuiba, hilo nimeshajiambia miaka yote hii na bado najiambia, ila hela haikuwa yangu na nilikuwa naitumia kama yangu, nikiwa na njaa nakula, nikichelewa napanda gari, basi.

Shangazi yako akaomba alione daftari. Akafunua kurasa taratibu, akanigeukia: "Kaka, miezi saba umetembea na kalamu moja, wino haujabadilika hata siku moja?" Mzee mmoja wa baraza akajikohoza kuficha kicheko. Mpaka leo nikisikia mtu anakohoa hivyo masikio yanapata moto.

85,000 ikakatwa kwenye fungu langu. Hatukuongea Idd mbili. Idd ya tatu akaja na sinia la visheti na boksi la kalamu, nyekundu, kijani, bluu, nyeusi, akaniwekea mapajani, "Za mirathi nyingine hizo." Nilicheka mpaka mama yako akatoka jikoni. Zile kalamu mlizochorea ukuta wa sebuleni wewe na kaka yako mkachapwa, ndo zenyewe.

Haya, na lile swali lako la mwisho, kwamba baba yako mdogo anataka nyumba ya Ngamiani isiuzwe akae yeye. Hapo usiniulize. Mimi na yeye tuna mafungu mawili mawili, Korogwe fungu moja, kwa hiyo nikikushauri nitakuwa nacheza mpira huku nimeshika filimbi. Sisemi kitu. Ingawa mtu akikaa kwenye nyumba ya mafungu matano, matatu sio yake, na yule wa Korogwe ni mjane... nimesema sisemi. Mwiteni shehe, ithaminiwe, mkubaliane, muandike, mtie sahihi mbele ya mahakama.

Hela zake za benki usihangaike kwenda na muhtasari wa kikao peke yake, watakurudisha, subiri uteuzi. Kwenye orodha usisahau hisa zake za VICOBA, kile kikundi chao cha kuweka na kukopa, na ile cherehani, mama jirani anasema aliachiwa kwa mdomo, muulize kwa heshima, mbele ya mtu mwingine, na uandike alichojibu.

Na kuna kitu kingine ambacho hakuna anayekijua. 2019 nilipoezeka jiko upya alinikopesha 200,000, nikamwambia mwisho wa mwezi. Hakuwahi kunidai hata mara moja, mi nikawa kila nikienda nabeba samaki. Ile ni mali ya marehemu. Liandike deni hilo kwenye Fomu namba 5, weka jina langu kamili, na samaki usiwapigie hesabu.

Baba yako