Usimtoe shule kwanza: yaliyompata mdogo wangu

Dada, nimesoma uzi wako mara mbili. Umesema mdogo wako yuko kidato cha tatu, alama zimeporomoka, anasikia akiitwa jina na hakuna mtu, wazee wanasema amechezewa, na baba anataka aachishwe shule akapumzike kwa bibi. Nakujibu kwa yaliyotupata nyumbani kwetu Tanga, maana mdogo wangu alipita hapo hapo akiwa na miaka 17.

Sisi tulichelewa kwa sababu tulishughulika na sauti tu. Sauti zinatisha, kila mtu anazikimbilia. Nikikumbuka vizuri, kichwa chake kilianza kupunguza mwendo karibu mwaka mzima kabla. Nilikuwa namtuma dukani: chumvi, sabuni ya kipande, vocha ya buku. Anarudi na chumvi, hela iliyobaki ameikunja mkononi mpaka imelowa jasho, ananiambia, "Dada, nilikuwa nayo hapa, imetoka." Shuleni alikaa na ukurasa mmoja wa Baiolojia prepu nzima. Mwalimu akamchapa kwa uvivu. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu hata mimi nilimwita mvivu.

Tulipofika kliniki ya afya ya akili, mwanasaikolojia alimpima mbele yangu. Alimsomea maneno 12, akamwambia ayarudie, halafu akasoma orodha ile ile mara ya pili na ya tatu. Wengi wakifika mara ya tatu wanakuwa wameshika karibu yote. Yeye alitoa matano, tena matano, kisha sita. Akaambiwa ataje wanyama kwa dakika moja: simba, mbuzi, ng'ombe, paka. Kimya. Akatazama dirishani, akasema "mbuzi" tena. Huyu ni mtoto aliyekuwa akitushinda wote kwa mafumbo. Ila alipoulizwa maana ya maneno na mambo aliyosoma zamani, alijibu vizuri kabisa. Yule mama mwanasaikolojia akanieleza: aliyokwisha kuyajua yapo salama, shida iko kwenye kupokea jipya na kulishika.

Hali hii ina jina. Saikosisi ni ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo. Madaktari husema kijana wa namna hii yuko katika hatari ya saikosisi, yaani dalili zimeanza kuchungulia lakini bado anajua kuwa huenda kichwa chake kinamdanganya. Patrick McGorry na Alison Yung walifungua kliniki ya vijana wa namna hii Melbourne, Australia, katikati ya miaka ya 1990, na tangu hapo wamefuatiliwa nchi nyingi. Hata Kenya, Profesa David Ndetei na wenzake wamewachunguza wanafunzi wa Machakos. Amerika Kaskazini walipimwa uwezo wa akili vijana 689 wenye dalili hizi na 264 wasio nazo, majibu yakatoka 2016. Wenye dalili walikuwa chini kidogo kwa wastani, na wale waliokuja kuugua kabisa walikuwa chini zaidi, hasa kwenye kumbukumbu na umakini.

Sasa usiogope hizo habari, maana mimi nilizisoma usiku nikalia peke yangu. Uchambuzi wa 2012 uliojumlisha tafiti nyingi ulikuta 36 hivi kati ya 100 ndio waliofikia saikosisi ndani ya miaka mitatu. Hesabu za karibuni zimeshuka hadi karibu 25. Wengi hawafiki huko. Na kipimo cha kumbukumbu peke yake hakimwambii mtu nani ataugua, kwa sababu sonona, wasiwasi na kukosa usingizi navyo vinamfanya kijana asahau.

Kuhusu shule, sisi tulimtoa. Akakaa nyumbani miezi minne, akawa analala mchana, anakesha usiku, marafiki wakamkatikia, na sauti zikaongezeka. Kama ningerudi nyuma ningepigania apunguziwe mzigo akiwa humo humo. Aliporudi, mwalimu mmoja wa darasa alituelewa: akakaa mbele, akapewa maelekezo moja moja, akaruhusiwa kunakili ubaoni baada ya kipindi. Alirudia kidato, na wala hakuna aibu katika hilo. Nyumbani tulimpa daftari dogo la mfukoni. Ukimtuma, anaandika kwanza. Mama alijifunza kumaliza jambo moja kabla ya kuanza lingine, na kwa mama yangu hiyo ilikuwa kazi kweli!

Usingizi ulileta nafuu kuliko chochote tulichofanya wenyewe. Simu ililala chumbani kwa baba kuanzia saa tatu usiku. Na mwulize kwa upole kuhusu bangi, bila kumtisha, maana kwa kijana wa hali hii bangi ni kuni kwenye moto. Wetu alikiri wiki ya tatu, tukiwa tunaosha vyombo.

Dawa za saikosisi hazikuwa jambo la kwanza kwetu. Tulianza na mazungumzo ya kila wiki na mwanasaikolojia, na mwongozo wa Uingereza nao unashauri hivyo: tiba ya mazungumzo, si dawa hizo kwa ajili ya kuzuia tu. Lakini akianza kuziamini sauti, akikataa chakula, au akizungumzia kujidhuru, mpeleke siku hiyo hiyo, usisubiri miadi.

Wazee wakitaka kumwombea, waache wamwombee. Sisi shekhe alikuja, akasoma, akatuambia na hospitali twende. Kilichonipa shida ni mganga aliyetaka afunge siku saba bila kulala. Hapo nilikataa mbele ya baba.

Ukienda kliniki beba ripoti zake za shule tangu kidato cha kwanza, zote. Daktari wetu alizipanga mezani kwa tarehe na kuona muhula ambao alama zilianza kushuka, kabla hajamwuliza mtoto neno lolote.